Magari ya Kupanda

Kwa Magloire Baharanyi, karani wa mipango ya barabara hapa Goma, gari lilikuwa mshale kwenye ramani. Na mishale yake aliipenda jamani, aliitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyetoka kuoga. Daraja dogo la njia ya Kibati lilipoharibika, akapanga: magari yanayokwenda juu, upande wa volkano, yapite mtaa wa Mabanga, yanayoshuka mjini yatumie nusu ya barabara kubwa iliyobaki. Akaandika tangazo la redio: "Magari ya kupanda yapite Mabanga." Hapo nani angekosea?

Asubuhi ya kwanza ya mpango huo simu yake ililia. Alikuwa Mama Mukashyaka, mama mkwe wa binti yake Joviale, aliyeolewa Kibati, huko juu.

"Papa Magloire, tuko na Joviale ndani ya taxi-bus, tunamupeleka maternité azalie huko. Uchungu imekuwa mingi, na njia imefunga!"

"Muko wapi?"

"Mabanga!"

Mabanga? Lakini hao walikuwa wanashuka! Akaacha kalamu bila kifuniko, akakimbilia pikipiki.

Huko alikuta malori na mabasi madogo yametazamana uso kwa uso, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimebanwa katikati na magunia yake ya viazi, na kila dereva anapiga honi utadhani honi hufungua njia. Polisi wa barabarani, Théoneste, alikuwa amelowa jasho.

"Nani aliingiza magari ya kushuka huku?"

"Ni miye, muzee. Redio ilisema magari ya kupanda. Taxi-bus si njo batu banapandaka? Nikaziingiza zote. Malori nazo zikasema zinapanda mulima."

Neno moja, njia mbili: kupanda gari na kupanda mlima. Magloire alitaka kufoka, akajizuia.

"Ungeniuliza, Théo."

"Na weye ungekuja kunisomea."

Ofisi yake na njia panda ya Théoneste ni jirani, lakini hakuna aliyewahi kumtembelea mwenzake. Aibu iliwashika wote wawili, ila aibu haikusogeza lori hata moja. Wakaanza kuyarudisha nyuma, Théoneste kwa filimbi, Magloire kwa kelele, tai imemzunguka hadi mgongoni. Aliogopa. Mtoto akifia humo, atamtazamaje Joviale?

Njia ilipofunguka, basi la Joviale halikuondoka. Wanawake walikuwa wameziba madirisha kwa vitenge. Akasimama nje, hathubutu kugonga. Ndipo kikasikika kilio chembamba.

Mama Mukashyaka akafungua mlango. "Mutoto mwanamuke. Bako bazima bote wawili."

Magloire akakaa chini juu ya mawe meusi, akalia bila kujificha. Joviale alimtazama kutoka ndani, uso umemkauka kwa uchovu.

"Papa, nani aliandika ile tangazo?"

Akainuka kutoka kwenye mawe. "Ni miye, mwanangu."

"Basi andika ingine. Hatuyafika maternité. Tungali tunashuka."