Niliona Aibu Kusema "Rudia"

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili mtu asije akamsingizia shetani, maana siku ile shetani hakuwa na zamu. Zamu ilikuwa yangu!

Miaka ya tisini, kabla ya simu za mkononi, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa redio ya upepo pale Kasekese. Nilifunga waya wa antena kwenye nguzo mbili, nikaweka masafa, na kila asubuhi niliitana na kituo cha Karema kupima sauti na kuiandika daftarini. Moja ni kelele tupu, tano ni safi kabisa. Ikishuka chini ya tatu, unamwambia mwenzako arudie, tena herufi kwa herufi.

Mimi niliandika tano kila siku. Jamani, majivuno! Watu walijazana dirishani kunisikiliza, nami niliona kusema "rudia" mbele yao ni kujishusha. Tena betri ya sola ya redio hiyo nilikuwa naiunganisha na kaseti yangu ya muziki, ikawa haina nguvu.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu wa pekee, nimwite Gervasi, alipeleka injini ya mashine ya kusaga kwa fundi kule Karema. Ilikuwa injini ya kijiji kizima. Siku ya tatu Karema wakaita. Sauti ilikwaruza, inakuja inapotea. Nikasikia, "Gervasi ameib... injini." Basi.

"Wanasemaje?" wakauliza dirishani.

Lile neno lililokatika nikalimalizia mwenyewe. "Gervasi ameiba injini!" Nikaandika tano.

Kesho yake, saa kumi jioni, Gervasi akatokea kwa miguu, shati limechanika, miguu imevimba. Mwizi gani anarudi kwa miguu kwa watu aliowaibia? Swali hilo lilinijia baadaye sana.

Wakamzunguka na mipini ya majembe. Mmoja akanigeukia mimi. "Shemeji yako huyo. Au mmekula wote?"

Niliogopa, nakiri. Mkononi nilikuwa na spana ya kukazia nyaya za betri. Gervasi aliponiona alifurahi, maskini! Akaninyooshea mkono. "Shemeji, waambie hawa! Mimi nimeib..."

Nikampiga na spana mdomoni.

Nilisikia taya likivunjika, nikapiga tena. Meno yakadondoka vumbini. Ndipo mipini ikashuka kichwani, mgongoni, magotini. Dada yangu alikuja mbio, mikono ina unga, akamlalia mumewe. Naye wakampiga, akavunjika mkono.

"Nyie mnamuua!" alilia. "Kaka, na wewe?"

Asubuhi Karema wakaita. Kaseti sikuwa nimeiwasha, betri ilikuwa imejaa. "Gervasi kafika? Majambazi walimvamia njiani wakachukua injini. Juzi si tulikwambia ameibiwa? Ova."

Sauti ilikuwa tano kweli.

Gervasi hakufa, lakini taya liliunga vibaya na maneno yake hutoka yamekatika. Kazi niliacha. Dada yangu hajanisemesha mpaka leo, hata kwenye msiba wa mama alinipita tu. Watoto wao wakiniona njiani wanakimbia.

Mwaka jana Gervasi alinifuata shambani peke yake. Akasema kitu, sikuelewa.

"Rudia, shemeji," nikamwambia.

Akarudia. Nikamwambia tena, rudia. Mate yalimtoka kwa kujitahidi. Mara ya nne ndipo nikamsikia. Alikuwa ananiuliza, "Siku ile, ulisikia nini?"

"Sikusikia," nikamjibu. Akanitazama, akachukua jembe lake akaondoka.

Nyie mnaopokea maneno ya watu, nawasihi! Ukisikia nusu, sema umesikia nusu. Uliza tena, wakucheke. Mimi neno moja nilijiona mkubwa mno kulitamka siku ile, na sasa kila nikikutana na Gervasi sina neno lingine la kumwambia.