Aljebra Ndani ya Kalenda Kuukuu

Nichekeni tu, nimeshajicheka. Binti yangu Nafula namfundisha nyumbani, hapa Kakamega. Alipofika aljebra nilinunua vitabu viwili, chake na mwongozo wangu wa mwalimu, nikavifunika vyote kwa karatasi za kalenda ya zamani visichafuke.

Nafula akaanza kupata hesabu zote! Mimi nilitoka jasho, maana changu hakikuwa na jibu hata moja. Nikikwama, yeye ndiye aliyenielekeza. Kanisani nikajigamba: kitabu nilichochagua ni moto!

Mama Wekesa, jirani yangu, akaja kuuliza jina la kitabu hicho akamnunulie mwanawe. Akabandua kalenda ya kitabu cha Nafula, akasoma kwa sauti: "Mwongozo wa Mwalimu."

Nikakificha changu nyuma yangu.

"Lakini Mama anajaribunga," Nafula akanitetea. "Siku hizi anapata hata nusu."