Kitenge Changu Kilivyoshonwa Kwenye Godoro

Jamani, hii habari naisimulia huku nimejifunika uso, maana hadi leo mlinzi wa getini kwetu akiniona asubuhi ananiuliza kama nimebeba nguo ya akiba.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha magodoro hapa Arusha, kwenye mashine ya kushonea makava, ile yenye rola inayovuta kitambaa hadi kwenye sindano. Mtoto wangu analelewa na mama mkwe huko juu mlimani Meru, na bila yeye kazi sina. Sasa mama mkwe hakuwahi kukipenda hicho kiwanda (alisikia watu wanakatika vidole), kwa hiyo ilipotangazwa siku ya usalama, familia zote karibuni, akasema atashuka mwenyewe aone, na asiporidhika ananirudishia mtoto nikae nyumbani nilee.

Na nani alichaguliwa kuwaeleza wageni mambo yanayosababisha ajali kazini? Mimi hapa.

Shida ikawa ovaroli. Sare yetu ni ya suruali, na tangu niolewe mama mkwe hajawahi kuniona na suruali, kwake huwa naenda na gauni linalofagia barabara. Nikaamua, kauamuzi kadogo tu, nijifunge kitenge juu ya ovaroli, nikakikaza kwa mafundo mawili kisije kikaniaibisha kwa kuanguka.

Hamisi, fundi wetu wa mitambo, mtu wa Kaloleni asiyejua kunyamaza, akaniambia, "Dada, hicho kitenge na rola havipatani."

"Hamisi, leo niache na heshima yangu," nikamjibu. "Usalama tutaendelea nao kesho."

Wageni wakaja, mama mkwe mstari wa mbele na kilemba chake cha kanisani, mikono kaikunja. Kinga ya mashine tulikuwa tumeifungua ili waone sindano vizuri (msiulize wazo lilikuwa la nani, lilikuwa langu). Nikaanza kwa madaha, ajali inaletwa na haraka, na uchovu, na kuondoa kinga, na zaidi ya yote nguo zinazoning'inia, na hapo nikageuka kidogo ili nieleze nguo inayoning'inia inakuwaje, rola ikanielezea yenyewe.

Nikahisi navutwa nyuma. Nikatabasamu, nikidhani ni mtoto wa mtu. Nikavutwa tena, nikaanza kwenda kinyumenyume huku bado naongea, "kama mnavyoona ndugu wageni," nikashika meza, meza ikaja na mimi, yale mafundo yakagoma kufunguka, na mama mkwe akasema kitu kwa Kimeru ambacho sitawatafsiria. Niliogopa, sitaki kudanganya, niliona mguu unakwenda. Mwishowe kitenge kikachanika kiunoni nikakaa chini pwata, na Hamisi alipofikia kitufe cha kuzimia mashine, kitenge kilikuwa kimeshatokea upande wa pili, kimeshonwa kwenye kava la godoro la futi sita, maua yote yamenyooka.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa. Mimi nikainuka, suruali yote nje, machozi yananilenga, najua kazi imekwisha. Mama mkwe akaja, akanishika mikono, akakagua kidole kimoja kimoja.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Kitenge cha nini?"

"Heshima, mama. Sikutaka unione na suruali."

Akainua pindo la gauni lake kidogo tu. Chini yake kulikuwa na suruali ya marehemu baba mkwe, imekunjwa miguuni.

"Na baridi hii ya Julai," akasema, "ulifikiri huko mlimani tunavaa nini?"

Mtoto bado yuko kwake na mimi kazini nipo. Vitenge sasa navivaa Jumapili tu, mbali na kitu chochote kinachozunguka, na siku hizi nikipanda kwa mkwe tunakaa jikoni kuota moto, wote wawili na suruali zetu.