Fundi wa amplifaya aliyebaki na sikio moja

Saa nne asubuhi ukumbi wa dansi hauna mtu wa kucheza, viti bado vimepandishwa juu ya meza. Mwanamke mnene mwenye bisibisi kwenye mfuko wa gauni amepiga magoti nyuma ya amplifaya kubwa kama kabati la vyombo. Anaiwasha, kisha anaketi pembeni na kikombe chake cha chai. Hagusi kitu.

"Hizi taa za ndani lazima zipate moto kwanza," anasema, akionyesha vioo vinavyoanza kuwaka rangi ya chungwa. "Ukiipigia gitaa ikiwa baridi, ni sawa na kumwamsha mtu usingizini ukamwambia aimbe."

Wanamuziki wanamwita Kidole Chepesi, kwa sababu anazungusha vitufe vya sauti kwa kiasi cha unywele. Jina halipendi. "Nikilitaja dukani, mwenye duka ananidhania mwizi, anasogeza bidhaa zake," analalamika.

Kwa miaka ishirini na mbili kazi yake imekuwa hiyo hiyo: kulifanya gitaa la umeme litoe sauti safi, nene, yenye joto, kama ya nyimbo za dansi za zamani. Sauti isiyokwaruza wala kupiga mluzi.

Mwaka jana homa ilimlaza wiki tatu. Alipoinuka, sikio la kushoto lilikuwa limekufa.

Habari ikaenea upesi kuliko homa yenyewe. Kati ya bendi tano alizokuwa akizihudumia, nne zilihamia kwa mafundi wengine. Hazikumuaga. Ziliacha tu kupiga simu, na mumewe, seremala anayemchongea maboksi ya spika, akaibeba nyumba peke yake.

Imebaki bendi ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ndiye mpiga gitaa na kiongozi. Naye ameingia ukumbini na wenzake, lakini leo hakuja kumpa pole.

"Shemeji, tusidanganyane," anamwambia huku akifunga mkanda wa gitaa. "Jumamosi tunarekodi. Leo sauti ikikataa, natafuta fundi mwingine. Nyumbani tutaendelea kula sahani moja, ila humu ndani hakuna undugu."

"Haujawahi kuwepo," fundi anamjibu. "Ungekuwepo, ningeshakwambia hujui kuimba."

Mpiga drams anacheka mpaka kijiti kinamponyoka.

Kazi inaanza. Fundi anawaomba mpiga drams na mpiga besi wanyamaze. Tangu sikio lizimike, anasema, kelele zote zinamjia upande mmoja, zimebanana kama watu mlangoni. Anataka kulisikia gitaa tu.

Anazungusha hapa, anapunguza pale. Gitaa linatoka kama asali. Shemeji yake anafumba macho na kutikisa kichwa.

Kisha bendi nzima inaingia, na gitaa linazama. Vidole vya mpigaji vinaonekana vikikimbia kwenye nyuzi, lakini kinachosikika ni besi na ngoma. Wimbo unakatika katikati.

"Shemeji, gitaa langu liko wapi?"

Fundi anaviinamia vitufe. Anafahamu kilichotokea. Ni kosa la wapiga gitaa wanaojifunzia chumbani: unaongeza besi mpaka sauti inajaza chumba, unajisifu, ukifika kwenye bendi besi ya wenzako inakumeza. Amewagombeza wengi kwa kosa hilo. Leo amelifanya yeye.

"Amplifaya haipimwi ikiwa peke yake," anasema. "Mimi mwenyewe ndiye ninayewaambia watu hivyo. Niliogopa kelele. Haya, pigeni wote, na asinyamaze mtu mpaka niseme."

Wanapiga. Kwanza anaipandisha amplifaya juu ya kreti la soda, maana ikikaa sakafuni besi inavimba. Anaipunguza besi, anaongeza sauti za kati, anashusha nguvu inayoingia ili isikwaruze. Halafu anashuka jukwaani, anaelekeza sikio la kulia, anarudi, anagusa kitufe kimoja, anashuka tena na kwenda kona nyingine. Jasho linamtoka. Kazi ya sikio lililokufa sasa inafanywa na miguu.

Polepole gitaa linaibuka. Halipigi kelele. Limekaa mahali pake kati ya ngoma na besi, laini, safi, kila uzi unasikika.

Wimbo unapokwisha, shemeji yake anaendelea kupiga peke yake, kisha anakunja uso. "Mbona limekonda?"

"Likiwa peke yake limekonda, ndiyo. Kwani Jumamosi unarekodi peke yako?"

Mpiga besi anaguna. Kiongozi anavua gitaa.

"Jumamosi uje mapema, shemeji. Na hivyo vitufe asiviguse mtu."

Fundi anakaa kwenye ukingo wa jukwaa na kushusha pumzi. Kuna jambo ambalo shemeji yake halijui. Daktari amemwambia sikio la kulia nalo limeanza kuchoka. Ndiyo maana nyumbani, kando ya kitanda, kuna boksi jipya alilochonga mumewe, na ndani yake ameanza kuunganisha nyaya za amplifaya yake mwenyewe.

"Zote nilizozishika ni za watu," anasema. "Nataka moja itoke mikononi mwangu tangu waya wa kwanza, niiwashe, niisikilize mpaka nitosheke. Baada ya hapo sikio likitaka kuondoka, liondoke limeshiba."