Waya Uliomeza Silabi

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze kosa langu polepole, maana lilianza dogo kiasi kwamba hata wewe ungelipita tu.

Mimi na mdogo wangu tuna vibali vya redio ya ridhaa, ile ya watu kuzungumza wenyewe kwa wenyewe bila kutegemea mnara wa simu. Mimi naishi Hamugembe, huku bara, yeye ananunua dagaa kisiwani Bumbire, ambako simu hushika kwa kubahatisha. Kila asubuhi kabla ya kupanda mtumbwi aliniita aulize ziwa linaonekanaje huku. Tuliongea Kiswahili, si Kihaya, kwa kuwa wengi wanaotusikia hewani si watu wa kwetu.

Antena yangu ni waya wa shaba wenye ganda la plastiki, unaotoka kwenye paa hadi mparachichi, juu ya migomba. Siku ya kuutundika nilikuwa na haraka. Waya wa roli hukunjuliwa kwa kuviringisha roli lenyewe. Mimi nililaza roli chini nikavuta. Waya ukajipiga kitanzi, nikazidi kuvuta, kitanzi kikabana kikawa pindo kali. Nikalinyoosha kwa koleo.

Mke wangu alikuwa akimenya ndizi pembeni. "Hapo hapajaumia?"

"Pamenyooka, mama. Menya ndizi."

Kweli palinyooka. Lakini shaba ikipindwa kwa nguvu hukakamaa, na kuinyoosha ni kuikunja mara ya pili. Upepo ukipembeza waya, pale penye kovu ndipo panapochoka, hadi panapasuka ndani, huku ganda likificha. Hewa ikitulia, ncha mbili hugusana na sauti inatoka safi. Upepo ukivuma, huachana. Mdogo wangu aliponiambia, "Kaka, unakatika," nilimtania, "Chaji betri yako, bahili wewe."

Asubuhi moja ziwa lilikuwa jeusi, na upepo ulichana majani ya migomba.

"Kaka, nivuke?"

"Usivuke! Usivuke leo!"

"Unakatika. Haya, nimekupata. Navuka."

Nikaita tena na tena. Alikuwa ameshazima.

Lisikilize neno lile. Ondoa silabi moja tu katikati ya "usivuke", inabaki "uvuke". Waya wangu ulimeza silabi hiyo mara mbili.

Alasiri alinipigia kwa simu ya kuazima, akiwa kwenye mwalo mmoja wa Muleba, kule mitumbwi inakoshusha samaki. Mtumbwi ulikuwa umejaa maji, dagaa wote wametupwa. Mwenzake, mvuvi aliyekuja kutafuta maisha kisiwani, alikuwa amebanwa mkono kati ya mtumbwi na jiwe.

"Wewe ndiye uliyesema nivuke," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo liliniuma zaidi.

"Nilisema usivuke. Muulize shemeji yako, alikuwa hapa."

"Shahidi anayekula kwako huyo, waitu, kaka yangu."

Kesho yake niliushusha waya. Nilipopasua ganda penye lile pindo, shaba ilikuwa imekatika kabisa, ncha zake nyeusi. Nilimpigia nikamweleza. Akasema vidole vya mwenzake havikunjiki.

Siku hizi mdogo wangu anavuka bila kuniuliza. Asubuhi nawasha redio, hewani wapo wengine, yeye hayupo. Simlaumu. Nami nimejizoeza kusema "baki", neno ambalo likikatwa halimtumi mtu majini.

Nawe kama una antena ya waya, usikate tamaa. Kasoro hii huonekana ukiitafuta. Ishushe leo. Upitishe waya wote kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Ukikuta pindo kali, au mahali panapolegea kama uzi, usipanyooshe: kata kipande hicho, menya ncha mbili nzima, zisokote pamoja, kisha zichomelee kwa risasi, ile ya mafundi redio inayoyeyuka kwa moto.