Mguu wa Mbele wa Asali

Siku ya kwanza kazini sikupewa farasi. Nilipewa koleo na toroli, nikaambiwa nizoe kinyesi, ila nisikimwage kabla sijakitazama. Hiyo ilikuwa Kibaha, kwenye shamba la farasi wa kupanda, nami nilikuwa kidato cha tatu, likizoni. Msimamizi, mama wa maneno machache, alinieleza kwamba kinyesi cha farasi mzima huanguka madonge yanayomeguka. Kikikauka kama mawe, au kisipoonekana kabisa, huenda tumbo limefunga. Na farasi hawezi kutapika, kwa hiyo usikae kusubiri.

Nawaandikia ninyi mtakaoishika kazi hii, maana mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na minane. Chekeni tu.

Pale nilijifunza kuchokoa kwato kwa kichuma kilichopinda, kutoka kisigino kwenda mbele, nikikwepa ile pembetatu laini ya katikati. Nilijifunza kusaka kupe masikioni na chini ya mkia. Kilichonitesa ni kuongea. Ukipita nyuma ya farasi lazima useme kitu, asishtuke akakupiga teke, na mimi hata shikamoo hunikwama kooni. Nikaishia kumsomea Asali, jike mmoja mwekundu, notisi zangu za baiolojia.

Nilipomaliza kidato cha nne nilihamishiwa Kisarawe, kule Kibuta. Bosi, mwenye farasi wote, alikuwa amempeleka Asali huko kubeba mabwana harusi.

Jumamosi moja bwana harusi alikuja amevaa joho, na shangazi yake akaanza kumvika Asali maua. Hapo nikaona Asali ametanguliza mguu wa mbele wa kulia. Farasi akipumzisha mguu wa nyuma, mwache, anasinzia. Akiutanguliza wa mbele hivyo, kuna jambo. Nikashika ukwato, wa moto. Wa kushoto, baridi. Juu ya kisigino mshipa ulikuwa unadunda.

Nilizunguka banda, nikarudi, nikashika tena. Ngoma zikaanza. Nikajua nikinyamaza atambeba mtu kwa mguu ule mpaka kwa bibi harusi.

“Bosi, huyu asitoke.”

Bosi akauliza kwa nini nasema sasa hivi, watu wameshavaa. Shangazi akadakia.

“Binti, farasi anakula, mkia anapunga, wewe unamwona mgonjwa? Au umemtamani bwana harusi?”

Walicheka wote. Nilitamani kuingia ndani ya ndoo ya pumba.

“Shangazi, anakula, lakini anakula kwa miguu mitatu.”

Bwana harusi akakunja joho, akachuchumaa. Nikamwonyesha pa kushika, ukwato mmoja, kisha mwingine. Akainuka, akakung'uta mikono.

“Basi nitakwenda kwa miguu,” akasema. “Mimi ninayo miwili mizima.”

Shangazi alimvua Asali yale maua moja moja, hanitazami. Alasiri daktari wa mifugo alitoboa chini ya ukwato, ukatoka usaha mweusi wenye harufu mbaya. Mchanga ulikuwa umepenya ndani ukafanya jipu. Tuliuloweka mguu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi kila siku, tukiufunga usiguse tope, hadi akaukanyagia sawasawa. Bosi hakunisifu. Aliniambia tu kwamba siku nyingine nisingoje ngoma.

Sasa nimepangiwa kidato cha tano, niko bweni. Naamka kabla ya kengele, mikono haitulii. Darasani mwenzangu akiegemea mguu mmoja, namtazama mpaka anauliza nina shida gani. Kijana aliyechukua nafasi yangu ni mchangamfu, anaimba banda zima, farasi wanampenda. Lakini siku zile tulizofanya kazi pamoja sikuwahi kumwona akiinama bila kuambiwa.

Hapa simu haziruhusiwi. Leo asubuhi sijui kama kuna mtu aliyemshika Asali miguu.