Bwana Dodoso na Uvimbe wa Kwapani

Mume wangu ni daktari, tena si daktari hivi hivi. Anatafiti kwa nini madaktari wenzake hawataki kutumia kompyuta. Kwa kazi hiyo amepewa ofisi na kiti kinachozunguka, na wenzake wakampa jina la Bwana Dodoso. Wakimwona kwenye korido, wanakumbuka ghafla kwamba kuna mgonjwa anawasubiri.

Dodoso lenyewe alilitengeneza kwa ustadi mkubwa: lilijazwa kwenye kompyuta tu. Wasioitaka kompyuta hawakulijaza, na waliolijaza walikuwa wanaipenda tangu zamani. Akarudi nyumbani kifua mbele. "Mama watoto, hakuna tena anayeikataa." Nikampa hongera, maana msomi akifurahi si vizuri kumsumbua.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa najipima mkono wa gauni nilipogusa uvimbe kwapani, mgumu kama kifungo. Niliogopa sana. Jioni nikamwambia, naye ameikodolea macho skrini.

"Mh," akasema.

Kesho yake nikamwambia tena.

"Mh. Nakusikia."

Nina daktari ndani ya nyumba, na hofu nilikuwa nalala nayo peke yangu.

Basi nikaenda hospitali kama watu wengine. Nikapanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi, nikaingia chumba anachotibia mume wangu. Hakuinua kichwa. Mapokezi walishaandika jina langu, kwenye skrini yake nikatokea kama namba. Na mashine haimruhusu kufika kwenye ugonjwa kabla hajajaza visanduku vyote vya mwanzo.

"Umeolewa?"

"Inasemekana."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

"Mume anafanya kazi gani?"

"Daktari."

"Vizuri," akasema, akabonyeza.

Sauti yangu anaijua, ndiyo inayomwamsha kila asubuhi. Lakini kisanduku cha sauti hakikuwepo.

"Namba ya simu ya ndugu wa karibu?"

Nikaanza kumtajia taratibu. Nilipofika katikati, vidole vyake vikanipita, vikamalizia vyenyewe. Kisha vikasimama. Alikuwa ameandika namba yake mwenyewe.

Akainua kichwa. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Mama watoto. Una nini?"

"Anayeuliza ni mashine, au wewe?"

Nikamwonyesha mahali. Akanawa mikono, akaja upande wangu wa meza, akaugusa ule uvimbe, akaugusa tena. Nilikuwa nimejiandaa kumsema mpaka jioni, lakini maneno yote yakaniisha, nikaanza kulia.

Nyuma yake mashine ikalia mlio mdogo. Maandishi yakatokea katikati ya skrini.

"Inauliza kama bado upo," nikamwambia.

"Nipo," akasema, wala hakugeuka kuitazama.